Moto Unaopotea Chini ya Mikorosho

Kuanzia Oktoba, mashamba ya Nachingwea na Ruangwa hujaa harufu ya mabibo. Ni harufu tamu yenye ukakasi, na kila siku inayopita inazidi kuelekea kwenye pombe. Watu huinama chini ya mikorosho wakiokota. Bibo linazungushwa kidogo mkononi, korosho inang'oka, inatupwa kwenye ndoo. Korosho ina safari yake inayojulikana: chama cha msingi (AMCOS), mizani, ghala, stakabadhi, kisha mnada wa RUNALI, chama kikuu kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bibo halina safari. Linabaki pale lilipoanguka, na baada ya siku moja au mbili limeshaanza kuvunda.

Bibo moja huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho ghafi. Hata kwa kipimo cha chini kabisa, mabibo ya msimu ule yalizidi tani milioni moja na nusu, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji yenye sukari. Mengi yaliozea shambani. Mengine yalikaushwa juani yakawa kochoko, akiba ya kiangazi. Mengine yalikamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke yakawa uraka, kinywaji cha msimu ambacho hakidumu. Na sehemu ya uraka huo ilipelekwa kichakani, karibu na maji, ikapikwa ikawa gongo, ambayo huku kusini wengi huiita nipa.

Mtambo wenyewe ni pipa la chuma la lita 200 au chungu kikubwa juu ya mafiga matatu. Mdomo umezibwa kwa udongo au kwa unga uliokandwa, ili mvuke usipate pa kutokea isipokuwa kwenye bomba. Bomba linashuka likipita ndani ya maji baridi, na mwisho wake yako matone, kisha uzi mwembamba wa kioevu unaoingia kwenye chupa. Mpishi anaonja, au anamwaga kidogo na kuwasha kiberiti kuona kama kitashika moto. Kila baada ya muda anagusa maji ya kupozea. Yakishapata moto anayamwaga na kuchota mengine. Maji hayo ya moto yanayomwagwa ardhini ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu historia nzima ya kukeneka, tangu Misri ya kale hadi mitambo mikubwa ya leo, imekuwa historia ya watu waliojiuliza wafanye nini na joto hilo.

Tupige hesabu kidogo, kwa kanuni za kawaida za fizikia. Chukua lita 60 za uraka wenye kileo asilimia 5. Kuupasha kutoka nyuzijoto 25 hadi uanze kuchemka kunahitaji kama megajuli 17 za joto. Kugeuza lita 10 kuwa mvuke, ili upate kinywaji chenye kileo asilimia 27 hivi, kunahitaji megajuli nyingine 18. Jumla ni 35. Lakini mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo hupeleka kwenye chungu asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Kwa hiyo mpishi anachoma kama kilo 18 za kuni kavu kwa mkupuo mmoja. Na zile megajuli 18 zilizogeuza maji kuwa mvuke hazikupotea njiani; zimekwenda zote kwenye maji ya kupozea. Zinatosha kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi karibu 68. Zinamwagwa.

Wa kwanza tunayemjua kwa jina katika kazi hii ni mwanamke, Maria wa Aleksandria, ambaye habari zake tunazipata kwa Zosimos wa Panopolis aliyeandika karibu na mwaka 300. Alitumia vyombo vya shaba na udongo vyenye kichwa cha kukusanya mvuke na mirija ya kuuteremsha. Karne ya 9, al-Kindi aliandika kitabu kizima kuhusu kutengeneza manukato kwa kukeneka. Elimu hiyo ilisafiri na majahazi. Kwenye vijiji vya Jabal Akhdar, Oman, maua ya waridi bado yanapikwa kwenye tanuri za udongo, mvuke wake ukinasa chini ya bakuli la shaba lenye maji baridi, na maji hayo ya waridi ndiyo yale yanayorashiwa wageni harusini Unguja na kutiwa kwenye halua.

Hapa kuna jambo zuri la kisayansi ambalo pwani yetu imelitumia kwa faida. Mafuta ya karafuu yana yujenoli kwa wingi, na yujenoli huchemka kwenye nyuzijoto 254. Kama ungelazimika kuyafikisha huko, yangeungua. Lakini ukipitisha mvuke wa maji ndani ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, maji na mafuta huinuka pamoja kabla hata ya nyuzijoto 100, kisha vikipoa vinajitenga vyenyewe, kila kimoja upande wake. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Aliyegundua kwamba huhitaji kukifikisha kitu kwenye joto lake lote ili kukitoa ndani ya kingine alikuwa ameshaanza kupunguza kuni, hata kama mwenyewe alifikiria harufu tu.

Mkorosho ulifika kwetu kwa njia ya bahari. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, wakaupanda Msumbiji na Goa, na kutoka Msumbiji ukasambaa polepole kaskazini, ukapenda mchanga na kiangazi kirefu cha kusini mwa Tanzania kuliko mahali pengine popote nchini. Goa walipata mti uleule kwa mkono wa mfalme yuleyule. Kule mabibo yalikanyagwa, yakachachuka, yakakenekwa mara mbili, na kinywaji chake, feni, kikapata hadhi. Mwaka 2009 serikali ya India ilikipa feni ya Goa ulinzi wa jina kama bidhaa ya mahali maalumu. Wapishi wake wana leseni na hulipa kodi. Bibo la Nachingwea halina upungufu wowote mbele ya bibo la Goa. Kilichotofautiana ni sheria.

Lakini kwanza twende Ulaya, maana huko ndiko swali la maji ya moto lilikopata jibu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mitambo ya Ulaya haikuwa na tofauti kubwa na pipa la Nachingwea. Unajaza, unapika, unamwaga makapi, unaanza upya na chungu kilichopoa. Mwaka 1801 Édouard Adam, Mfaransa, alianza kuutumia mvuke wa chombo kimoja kuchemshia chombo cha pili. Mwaka 1813 Jean-Baptiste Cellier-Blumenthal akapata hataza ya mnara wenye sahani, ambamo pombe inaingia juu bila kukoma na mvuke unapanda kutoka chini. Kila sahani ni mpishi mdogo. Mvuke unaokutana na kioevu unakiachia joto lake, maji yanarudi chini, kileo kinazidi kupanda. Kazi ya kupika mara tano inafanyika kwa moto mmoja.

Aliyeufanya mnara huo uenee dunia nzima alikuwa Aeneas Coffey, na maisha yake yanahusu Nachingwea kuliko anavyoweza kudhani mtu. Coffey alikuwa ofisa wa ushuru Ireland. Kazi yake ilikuwa kuwasaka wapishi wa siri wa poitín, gongo ya Waairishi, iliyokatazwa tangu 1661. Mwaka 1810, huko Donegal, alipigwa hadi fuvu likapasuka na akachomwa kwa singe. Aliendelea na kazi, akapanda cheo hadi kuwa mkaguzi mkuu, akaingia kwenye vyumba vingi vya mitambo, ya halali na ya siri, akiona jinsi ilivyofanya kazi. Mwaka 1830 alipata hataza ya mtambo wake wa minara miwili. Pombe baridi inayoingia haiendi moja kwa moja kwenye joto; inapita kwanza kwenye mabomba yaliyozungukwa na mvuke unaotoka. Mvuke unapoa kwa kuipasha pombe, na pombe inapata moto kwa kuupoza mvuke. Maji ya kupozea karibu yanakuwa hayana kazi tena. Kuni, au makaa ya mawe kwa upande wao, zilipungua sana.

Miaka 13 baadaye, 1843, Norbert Rillieux wa New Orleans alipata hataza ya kitu kinachofanana na hicho kwa upande wa sukari. Mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika katika jimbo lililojaa watumwa, baba yake mhandisi mzungu, naye alisomea Paris. Kabla yake watumwa walikuwa wakihamisha maji ya miwa kwa makata kutoka sufuria moja inayochemka hadi nyingine, wakiungua. Rillieux alivifunga vyombo, akapunguza shinikizo ndani yake ili maji yachemke kwenye joto la chini, na akaufanya mvuke wa chombo cha kwanza uchemshe cha pili, na wa pili uchemshe cha tatu. Ukienda leo Kilombero, Mtibwa au TPC Moshi, sukari unayokunywa kwenye chai imepita katika vyombo vya Rillieux.

Basi kwa nini uvumbuzi wa Coffey, ambao kwa umbo lake la chini kabisa unahitaji pipa la pili na mita chache za bomba la shaba, haujafika chini ya mikorosho kwa karibu miaka 200?

Jibu langu ni kwamba mtambo unaojificha haujifunzi. Na mtambo wa Afrika ulilazimishwa kujificha kwa maandishi. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yalitia saini mkataba wa vileo barani Afrika. Mkataba huo haukuzuia kinywaji peke yake. Ulikataza kukeneka kileo katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukakataza kuingiza, kuuza na hata kumiliki vyombo vya kukenekea, isipokuwa kwa mahitaji ya dawa, maabara na viwanda vilivyoruhusiwa. Mamlaka ambayo Uingereza ilipewa juu ya Tanganyika mwaka 1922 yalikuja na sharti la kudhibiti vikali vinywaji vikali. Mzungu aliweza kununua wiski dukani. Mwafrika mwenye bomba la shaba alikuwa na kosa kabla hajawasha moto.

Kilichofuata kinaeleweka. Ukipika kwa kujificha, unapika usiku au alfajiri, unapika haraka, unatumia vyombo unavyoweza kuviacha ukikimbia. Hujengi jiko la matofali, maana litavunjwa. Hununui bomba zuri, maana litachukuliwa. Fundi wa bati hawezi kuja kukushauri, mwalimu wa kemia hawezi kuwaleta wanafunzi. Kuni za miombo ni za bure kwa macho ya anayekimbia, kwa hiyo hakuna anayezihesabu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Nachingwea ilipata jina lililosikika hadi Bunge la London. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula kwa nchi yao iliyokuwa na njaa. Vifaru vya kijeshi viligeuzwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani, ikafunguliwa 1949, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili yake. Januari 1951 serikali yao ilitangaza kwamba mradi umeshindwa, baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Kilichobaki ni majina kama Farm 17, majengo, barabara zilizonyooka, na kambi ambayo baadaye Samora Machel aliwafundishia wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Mradi ule ulilenga kuutoa utajiri wa ardhi hii na kuupeleka mbali ukiwa ghafi, na haukutaka kujua watu wa pale walikuwa na nini tayari. Wakati huohuo mikorosho, ambayo haikuwa na kamati London, iliendelea kupandwa na wakulima wenyewe, mmoja mmoja.

Mwaka 1966 unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, kikiwa na minara ya kukeneka mafuta ghafi kuwa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Taifa changa lilijivunia, na lilikuwa na haki. Ndani ya minara ile wazo la Coffey lilikuwa likifanya kazi mchana na usiku, maana hakuna kiwanda cha mafuta kinachoweza kuishi bila kupasha mafuta baridi yanayoingia kwa joto la mafuta moto yanayotoka. Mwaka uleule Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi, inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa kinywaji ambacho mtaani kinaitwa gongo. Ukikikeneka au ukikutwa nacho bila leseni, umevunja sheria. Elimu moja, mwaka mmoja: Kigamboni ilikuwa maendeleo, Nachingwea ilikuwa jinai.

Siwalaumu waliotunga sheria kwa kuogopa. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo nitaifikia. Majirani walijaribu njia zao. Uganda, kwa sheria ya Enguli ya 1964, iliwapa wapishi leseni ya kuuza mkeneko wao kwa kiwanda, ambacho kiliurudia na kuusafisha, na kuanzia 1965 ukauzwa kwa jina la Uganda Waragi. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, ikaja kuihalalisha kwa masharti mwaka 2010. Ireland yenyewe, nchi ya Coffey, iliruhusu poitín mwaka 1997.

Hofu ya kweli ni sumu. Kileo tunachokunywa huchemka kwenye nyuzijoto 78. Methanoli, ndugu yake anayepofusha na kuua, huchemka kwenye 65. Matunda yana pektini, na pektini huzaa methanoli kidogo uraka unapochachuka, kwa hiyo mvuke wa kwanza kutoka ndio wenye vitu vikali zaidi, na mpishi mzuri wa mahali popote duniani huutupa. Kwa pipa moja lisilo na kipimajoto, mpaka kati ya cha kutupa na cha kuweka ni pua ya mpishi, na methanoli yenyewe haiachani na kileo kirahisi hivyo. Hata hivyo, vifo vingi vya pamoja vinatokana na methanoli ya viwandani inayochanganywa na wafanyabiashara kwenye kinywaji, kuliko methanoli ya matunda. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi. Familia zilizowapoteza watu wao zinastahili jibu zito kuliko msako wa msimu. Mnara wenye sahani, unaofanya kazi mahali pa wazi, unatenganisha kwa ukali ambao pipa haliwezi kuufikia, na kinachotoka kinaweza kupimwa. Kinachookoa kuni ndicho hichohicho kinachompa mkaguzi mahali pa kupimia.

Nirudi kwenye korosho, maana nayo ina mkeneko wake. Uzalishaji wa Tanzania ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa ukikausha maua. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo, kimojawapo Nachingwea, vilikamilika wakati ambapo korosho za kuviendesha zilikuwa zinatoweka. Salfa na utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele viliirudisha mikorosho. Ubanguaji haukurudi kwa kiwango hicho. Sehemu kubwa ya korosho yetu inapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam.

Ganda ni karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na ndani yake mna mafuta mazito meusi yanayobabua ngozi, kama robo ya uzito wa ganda. Kiwandani mafuta hayo yanapashwa moto, kisha yanakenekwa kwenye mnara ambao hewa yake imenyonywa. Bila kunyonya hewa yangehitaji joto kali kiasi cha kugandamana ndani ya chombo kabla ya kuinuka. Shinikizo likishuka, yanachemka mapema, na kinachotoka ni kadanoli, kioevu cha manjano kinachotumika kwenye rangi, gundi na vitambaa vya breki. Breki za lori linaloteremka kwenda bandari ya Mtwara likiwa na magunia ya korosho zinaweza kuwa na kitu kilichotoka kwenye ganda la korosho, kikakenekwa ng'ambo na kurudi kwetu kwa bei ya vipuri. Na maganda yenyewe ni fueli kali ambayo wabanguaji wengi duniani wanachomea boila zao. Tunaposafirisha korosho ghafi tunasafirisha pia moto wa kuzichakatia.

Dunia haijamaliza kujifunza somo hili. Mwaka 2016 wahandisi wa kemia David Sholl na Ryan Lively waliandika katika jarida la Nature kwamba kazi ya kutenganisha michanganyiko ya kemikali inakula asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote inayotumiwa na binadamu, na kukeneka ndiko kunakoongoza kwa ulaji huo. Ndiyo maana watu wamezidi kubana. Mchanganyiko wa vitu vitatu kwa desturi huhitaji minara miwili, yenye moto mara mbili na upozaji mara mbili. Richard Wright, Mmarekani, alipata hataza mwaka 1949 ya kuweka ukuta katikati ya mnara mmoja ili ufanye kazi ya miwili. Felix Petlyuk na wenzake katika Muungano wa Kisovyeti walieleza nadharia yake mwaka 1965. Kiwanda cha kwanza cha namna hiyo kilianza kazi kwa kampuni ya BASF, Ujerumani, mwaka 1985, miaka 36 baada ya hataza, kwa sababu kabla ya hapo kuuendesha mnara wa aina hiyo kulikuwa kugumu na mafuta yalikuwa rahisi. Akiba yake ya nishati hufika asilimia 30. Wengine wanaunyonya mvuke unaotoka juu, wanaubana kwa kompresa hadi upate joto zaidi, kisha wanautumia kuchemshia chini ya mnara uleule.

Na Ruangwa kuna njia ya kutenganisha vitu bila kuchemsha. Katika mgodi wa kinywe (grafiti) wa Lindi Jumbo, Matambalale, mwamba unasagwa, unatiwa maji na kemikali kidogo, na hewa inapulizwa kutoka chini. Kinywe hakipendi maji. Kinajishika kwenye mapovu na kuelea, mchanga unazama. Joto linahitajika mwishoni tu, kukausha. Sehemu ya kinywe cha ubapa duniani hutumika kutengeneza gasketi za kuziba maungio ya mabomba yenye joto kali, yakiwemo yale ya minara ya kukenekea. Wilaya moja ina madini ya aina inayouzuia mvuke usivuje kwenye viwanda vya dunia, wakati mpishi wake kichakani anaziba pipa kwa unga.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Spiriti ya kupikia imo katika orodha ya nishati safi, na ni rahisi kusema mabibo yatengeneze spiriti ya majiko. Ni wazo jema, lakini lipimwe kwa hesabu ya moto. Uraka wetu wa lita 60 ulitoa kileo halisi cha lita 2.7 hivi, chenye megajuli 57. Kuni zilizochomwa kuupika zilikuwa na megajuli karibu 290. Tungekuwa tunachoma moto mara tano ili kupata moto mmoja, na miombo ndiyo ingelipa.

Hesabu hiyo inabadilika hatua kwa hatua. Jenga jiko la matofali lililofungwa, lenye bomba la moshi, linalofikisha theluthi ya joto kwenye chombo: kuni zinashuka kutoka kilo 18 hadi kama 7. Pitisha bomba la mvuke ndani ya pipa la pili lililofunikwa, lenye uraka unaosubiri zamu, badala ya ndani ya maji: zinashuka hadi chini ya 5. Bado ni megajuli 75 kwa 57. Hapo ndipo kochoko inapokuja na nguvu yake. Mabibo yaliyokaushwa yameshapokonywa maji na jua bila gharama, na yakilowekwa kwa maji machache hutoa uraka wenye sukari nyingi zaidi. Uraka wa asilimia 10 badala ya 5 unazaa kileo maradufu kwa karibu moto uleule, na mizani inageuka. Wanaokausha kochoko wanafanya hivyo ili wapate cha kupika kiangazi, na bila kuambiwa na mtu wamegusa jambo ambalo wahandisi hulipa mamilioni kulifikia, yaani kuondoa maji kabla ya kuyachemsha. Makapi yaliyokamuliwa yakikauka yanaingia jikoni. Maganda yangeingia pia, kwa boila iliyotengenezwa kustahimili moshi wake, kama korosho zingebanguliwa Nachingwea.

Kwa spiriti ya jiko hata hiyo haitoshi, maana kileo cha asilimia 27 hakiwaki vizuri. Unahitajika mnara, hata mfupi, wenye sahani na kioevu kinachorudi chini. Mnara hauwezi kuwa mali ya mpishi mmoja wala hauwezi kukimbia na pipa begani. Unahitaji paa, kipimajoto, fundi, leseni, na mahali ambapo mabibo yanaweza kufika siku ileile yalipookotwa, kwa kuwa hayasubiri lori kutoka Dar es Salaam. Mahali hapo pameshajengwa. AMCOS zina maghala, mizani na daftari za wanachama, na katika wiki zilezile korosho zinapoletwa kupimwa, mabibo yake yako kilomita chache nyuma, chini ya mti. Sheria ya 1966 inataja leseni, haijafunga mlango. TARI Naliendele imekuwa ikifundisha vikundi kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo, na hatua kutoka mvinyo hadi mnara ni ndogo kuliko ile kutoka bibo linalooza hadi mvinyo. Chuo cha ufundi kinachoweza kuchomelea tangi la maji kinaweza kuchomelea sahani za mnara. Kazi ya kwanza iwe kupima: kilo ngapi za kuni, lita ngapi za uraka, kileo asilimia ngapi, kwa mtambo wa zamani na mpya ukiwa umewekwa ubavuni mwake, msimu mzima kuanzia Oktoba hadi mabibo ya mwisho ya Januari, na matokeo yabandikwe ukutani kwenye ghala ambapo wapishi wenyewe watayasoma.